Kiingilio cha Bustani za Burudani: Yanayosemwa Kuhusu Bei na Ukweli Wake

Kwa miaka kadhaa sasa, Oktoba ikifika, Disney hutangaza bei mpya za kuingia kwenye bustani zake za Marekani, na mabishano yaleyale huanza upya. Huyu anasema tunachunwa, yule anamjibu kwamba hajui uchumi. Oktoba 2024 siku ghali kuliko zote pale Disneyland, California, ilifika dola 206 kwa mtu mzima mmoja. Mwaka mmoja baadaye ikatangazwa dola 224. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na kinachoniuma ni kuona mzazi anayelalamika akinyamazishwa kwa hoja ambazo ukizikagua hazisimami. Wapo pia wanaolalamika kwa madai yasiyo ya kweli, na hao wanajiharibia kesi yao wenyewe.

"Ni mfumuko wa bei tu, kila kitu kimepanda"

Hii ndiyo hoja inayorushwa zaidi, na ndiyo nyepesi kuipima kwa sababu takwimu zake zipo. Mwaka 1982 Disneyland iliachana na vitabu vya kuponi, ambapo kila mchezo ulilipiwa kwa kuponi yake, ikaanza kuuza tiketi moja inayomruhusu mtu kupanda kila mchezo mpaka achoke. Mtu mzima alilipa dola 12. Zichukue dola 12 za mwaka ule, zipandishe kwa kadiri bei za Marekani zilivyopanda tangu wakati huo, unapata kama dola 40 za leo. Sasa tazama bei zilizotangazwa Oktoba 2025: siku nafuu kuliko zote ni dola 104, na ya juu kabisa ni hizo 224. Hata ukichagua siku ya chini, umelipa mara mbili na nusu ya kile ambacho mfumuko wa bei ungekudai. Ukienda siku za kilele, ni zaidi ya mara tano.

Ni haki kusema kwamba bustani ya leo si ile ya 1982. Yameongezwa maeneo mazima, likiwemo lile la filamu za Star Wars lililofunguliwa mwaka 2019, na mitambo ya sasa ni ya gharama kubwa kuijenga na kuitunza. Hoja hiyo naikubali. Basi na isemwe hivyo: tunatoza zaidi kwa sababu tumejenga zaidi, na kwa sababu watu bado wanalipa. Kumwambia mtu kwamba ni mfumuko wa bei ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

"Zamani kiingilio kilikuwa dola moja"

Ni kweli. Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955, mtu mzima aliingia kwa dola 1 na mtoto kwa senti 50. Lakini dola hiyo ilikuvusha geti tu. Kila mchezo ulikuwa na tiketi yake, na miezi michache baadaye vikaja vitabu vya kuponi: dola 2.50 kwa kiingilio pamoja na michezo minane. Hizo ni kama dola 30 za leo. Ilikuwa nafuu sana, hilo halina ubishi, ila anayelinganisha dola 1 ya 1955 na dola 224 za sasa analinganisha mlango na nyumba nzima. Mwaka 1982 ndio mwanzo wa haki wa ulinganisho, na kama tulivyoona, unatosha kabisa kuonyesha kilichotokea.

"Bei ni moja, ukifika unalipa"

Bei moja imekwisha kitambo. Disneyland ilianza kugawa siku kwa madaraja Februari 2016: dola 95 kwa siku tulivu, 105 kwa siku za kawaida na 119 kwa siku za msongamano. Madaraja yale matatu leo ni saba. Bustani za Disney za Florida zilianza wakati huohuo, na Tokyo Disneyland ikafuata mwaka 2021. Bustani hiyo ya Tokyo ilianza mwaka 1983 kwa yen 3,900. Tangu Oktoba 2023 siku yake ya juu ni yen 10,900 na ya chini ni 7,900.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalioni. Ile bei ya chini ya Disneyland, dola 104, haijaguswa tangu Januari 2019. Kampuni ikisema bado ina tiketi ya bei ileile, inasema kweli. Lakini siku za bei hiyo ni chache, na nyingi zinaangukia katikati ya wiki wakati watoto wako darasani. Kwa hiyo familia inayofuata kalenda ya shule inaiona dola 104 kwenye tangazo tu. Anayeweza kusafiri siku yoyote, mstaafu kwa mfano, ananufaika kweli na mpango huu, naye nisingependa asahaulike. Kadhalika tiketi ya siku nyingi: kadiri siku zinavyoongezeka, gharama ya kila siku inashuka. Anayeumia zaidi ni yule mwenye siku moja tu ya kutumia, tena siku ambayo hakuichagua yeye.

"Bei hupandishwa ili kupunguza msongamano"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowapoteza watu. Bei ya madaraja husogeza baadhi ya wageni kutoka siku zilizofurika kwenda siku tulivu, na hilo ni jambo jema kwa kila aliye ndani. Tatizo linaanzia pale foleni yenyewe inapogeuzwa bidhaa.

Mwaka 1999 Disney ilileta utaratibu ulioitwa FastPass. Ulichukua kikaratasi chenye saa yako ya kurudi, ukaenda kula au kutazama gwaride, ukarudi ukapita njia ya haraka. Haikuwa na malipo ya ziada. Aliyewahi alipata, tajiri na maskini sawa. Bustani zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona utaratibu ule ukasimama, na haukurudi. Mwaka 2021 ukaja wa kulipia kupitia simu, ukianza na dola 15 kwa siku Florida na 20 California. Oktoba 2024 ikaongezwa pasi ya juu kabisa, inayokupitisha njia ya haraka bila kupanga saa: dola 400 ilipoanza California, na hadi 449 Florida, juu ya kiingilio ulicholipa tayari.

Nenda kasimame pale foleni mbili zinapokutana, hatua chache kabla ya kupanda. Upande huu baba amembeba mtoto mabegani, chupa ya maji imeisha, saa ya pili ya kusubiri inaanza. Upande ule watu wanakuja wakitembea, simu mkononi, hawajatoka jasho. Mfanyakazi ananyoosha mkono mbele ya baba yule: ngoja kidogo. Anapitisha kundi, kisha jingine, kisha jingine tena. Ndipo anawaruhusu wachache wa upande huu. Mtoto anauliza, "Kwa nini wao wanapita?" Na baba, aliyelipa kiingilio sawa na wao, anatafuta jibu.

Hiyo si hisia tupu, ni hesabu. Tuseme mchezo unabeba watu 1,500 kwa saa. Pasi za kulipia haziongezi kiti hata kimoja. Viti 1,000 vikipewa waliolipia njia ya haraka, waliobaki wote wanagawana 500. Dakika anazookoa yule zimetoka kwa huyu. Ndiyo maana naona lawama za wageni juu ya foleni ni kali kuliko lawama zao juu ya kiingilio. Kiingilio kikubwa unakilaani siku ya kununua, ukishaingia unakisahau. Njia ya haraka inakukumbusha kila baada ya mchezo mmoja kwamba kuna daraja lako na kuna daraja lao.

"Pesa zote zinaishia kwenye mishahara"

Mishahara imepanda, na ilistahili kupanda. Mwaka 2024 wafanyakazi wapatao 14,000 wa Disneyland walipitisha azimio la kugoma, kisha wakapata mkataba uliofikisha kima cha chini dola 24 kwa saa. Lakini kitengo cha Disney chenye bustani, hoteli na meli kilimaliza mwaka wa fedha 2024 na mapato ya takriban dola bilioni 34, faida yake ya uendeshaji ikiwa kama bilioni 9.3, zaidi ya nusu ya faida ya aina hiyo ya kampuni nzima. Mfagiaji asibebeshwe lawama ya tiketi.

"Kama inawauma, mbona bado wamejaa?"

Swali hili hujibiwa kwa kicheko, kana kwamba limefunga mjadala. Halijafunga kitu.

Kwanza, si kila mahali wamejaa. Kampuni ya Six Flags, mwendeshaji mwingine wa bustani za burudani Marekani, mwaka 2022 iliamua kupunguza punguzo na kupandisha bei, ikitaka wageni wachache wanaotumia zaidi. Iliwapata wachache kweli: kutoka wageni kama milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5. Kila mgeni alitumia pesa nyingi zaidi, lakini mapato ya jumla yakashuka. Hata Magic Kingdom ya Florida, bustani inayoongoza duniani kwa wageni, ilikadiriwa kupata karibu milioni 21 mwaka 2019, na kama milioni 17.7 mwaka 2023. Sababu ni nyingi, korona ikiwemo, ila kusema kwamba watu hawajatikisika si kweli.

Pili, kuwepo kwa mtu ndani ya geti hakukuambii alifikaje. Uchunguzi wa maoni uliofanywa na LendingTree, kampuni ya Marekani ya kutafutia watu mikopo mtandaoni, mwaka 2024 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wamarekani waliowahi kwenda Disney waliingia kwenye deni kwa ajili ya safari hiyo, na wengi wao walisema hawajuti. Watu husoma majibu hayo wakaona upumbavu. Mimi naona mzazi aliyemwahidi mtoto. Mtoto wa miaka sita hawezi kuambiwa asubiri mpaka bei itulie. Miaka minne baadaye atakuwa mtoto mwingine, mwenye kutaka vitu vingine. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Mtu anayenunua kitu ambacho muda wake unapita hana nguvu ya kusema "nitarudi mwezi ujao", na hiyo ndiyo silaha kuu ya mnunuzi yeyote sokoni.

Tatu, wakubwa wenyewe wamekiri. Machi 2023 Bob Iger, akiwa mkuu wa Disney, aliwaambia wawekezaji kwamba katika kukimbilia faida huenda kampuni ilizidisha kwenye baadhi ya bei. Miezi miwili kabla yake walikuwa wameshaondoa ada ya maegesho ya usiku kwa wageni wa hoteli zao za Florida, ada iliyokuwa imelalamikiwa kwa miaka kadhaa. Malalamiko, kumbe, huwa yanasikika.

"Bei ikishapanda haishuki"

Ilishuka Ufaransa. Bustani ya Disney iliyofunguliwa karibu na Paris mwaka 1992 ilianza vibaya, ikielemewa na madeni na uhaba wa wageni. Aprili 1995 kiingilio cha msimu wa juu kilishushwa kutoka faranga 250 hadi 195. Mwaka huo wageni wakaongezeka kutoka kama milioni 8.8 hadi milioni 10.7, na bustani ikaonja faida ya mwaka kwa mara ya kwanza. Lazima niongeze kwamba madeni yalikuwa yamepangwa upya na mchezo mpya mkubwa ulifunguliwa mwaka huohuo, kwa hiyo si bei peke yake iliyofanya kazi. Lakini bei ilishuka, na mbingu hazikuanguka.

"Hakuna njia nyingine ya kuendesha bustani"

Zipo, tena za zamani. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, bado inatenganisha kiingilio na michezo, ili anayetaka kutembea tu chini ya taa na miti asilipie asichokipanda. Holiday World, katika jimbo la Indiana, inagawa soda bila malipo tangu mwaka 2000, na maegesho na mafuta ya kukinga jua havilipiwi. Mgeni anajua tangu nyumbani siku itamgharimu kiasi gani, na kwangu mimi hilo lina thamani kuliko punguzo la dola kumi linaloliwa na maegesho kabla hujazima gari.

Kisha kuna Knoebels, huko Elysburg, Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1926. Kuingia ni bure na maegesho ni bure. Unanunua tiketi za michezo unayotaka. Pale Disneyland mtoto akitimiza miaka 10 analipa kama mtu mzima, na bibi aliyekuja kuwashikia wajukuu mabegi analipa sawa na kijana atakayepanda michezo kumi na tano. Knoebels bibi yule anaingia, anachagua benchi penye kivuli, anawapungia mkono wajukuu farasi wao wa mbao wanapozunguka kupita mbele yake, na hakuna aliyemdai hata senti.