Boma la Sokoine Drive Si la Mjerumani

Jumamosi tena, Dar es Salaam, mbele ya geti la boti za Zanzibar. Jamaa kabeba begi, kanyoosha kidole ng'ambo ya barabara: "Fundi, lile jengo la Mjerumani linaitwaje?"

Jamani, si la Mjerumani! Boma la Kale lilijengwa 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ili wageni wake wafikie humo. Majid alifariki 1870. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja hapa mwaka 1891, wakalikuta limesimama. Jina hilo la Boma ndilo linalowapoteza watu, maana ofisi za utawala za Mjerumani nazo ziliitwa boma.

Kama hunisadiki, ingia utazame juu. Boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, zimebebeshwa mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Boriti ya mkoko haivuki chumba kipana, mara nyingi inaishia kwenye mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vinakuwa vyembamba na virefu. Mti ndio ulioamua. Ukikuta dari pana juu ya vyuma, hapo ndipo uanze kumfikiria Mjerumani na waliomfuata.

Ukuta peke yake usiutegemee, maana matumbawe na chokaa Wajerumani nao walivitumia. Mlango ndio kabisa: wa nakshi hung'olewa, ukauzwa, ukafungwa nyumba nyingine. Hata boriti hubadilishwa. Nimewahi kukagua jengo nusu siku nikaondoka sijathubutu kutaja umri wake.

Linaloniuma zaidi ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, na lipu ya chokaa huyaachia maji yatoke. Ukiubandika saruji, maji yanakwama, chumvi inakaukia ndani, jiwe linakuwa unga. Nyumba moja ya zamani niliitwa baada ya mafundi wengine kuipiga lipu ya saruji, nyororo, inapendeza. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu. Kuibandua, ikashuka na jiwe lake, kiganja kikajaa vumbi jeupe. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka 100 unamalizwa na mifuko michache ya saruji, na mwenye nyumba amelipia!

Ukimaliza Boma, fuata Sokoine Drive hadi Atiman House, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph. Nayo ni ya enzi za Majid. Kata tiketi ya boti ya mchana.