Akiba ya kampuni kubwa inakaa wapi?

Wengi wanaposoma kwamba kampuni fulani ina mabilioni ya akiba, hudhani fedha hizo zimelala benki. Benki huwekwa kiasi kidogo tu, cha mishahara na malipo ya karibu, na sababu yake ni nzito. Benki ya Silicon Valley ya Marekani ilipoanguka tarehe 10 Machi 2023, kampuni ya Roku, inayouza huduma na vifaa vya kutazama video mtandaoni, ilitangaza kuwa ilikuwa na takriban dola milioni 487 humo, karibu asilimia 26 ya fedha zake taslimu. Bima ya amana ya nchi hiyo hulinda dola 250,000 kwa kila mteja katika benki moja. Siku mbili baadaye serikali iliahidi kulinda amana zote za benki hiyo, lakini hakuna mhazini anayepaswa kupanga kazi yake kwa kutegemea huruma ya namna hiyo.

Mhazini makini huanza na tarehe: fedha hii itahitajika lini? Ya miezi michache ijayo hununuliwa hati za Hazina, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali. Unalipa 98 leo, hati ikiiva unapokea 100; ile mbili ndiyo faida. Isiyohitajika kwa mwaka au zaidi huweza kwenda kwenye hatifungani, yaani mkopo wa muda mrefu kwa serikali au kampuni, wenye riba. Bodi huweka mipaka kwa maandishi: kiasi gani kwa mkopaji mmoja, kwa muda gani. Usalama kwanza, kisha urahisi wa kuipata fedha, faida mwisho. Na mpangilio huo haupinduliwi hata riba ikivutia vipi. Mwaka 2008 Reserve Primary, mfuko wa Marekani uliokusanya fedha za wawekezaji na kuzikopesha kwa muda mfupi, ulioaminika kuwa salama kama fedha mkononi, ulikuwa umeikopesha benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers dola milioni 785. Lehman ilipofilisika, kipande cha mfuko huo, kilichokuwa cha dola 1, kilishuka hadi senti 97.

Kuna jambo jingine ambalo wawekezaji wadogo hulipita haraka. Mwaka 2013 Apple ilikopa dola bilioni 17 ilhali ilikuwa na akiba ya karibu bilioni 145. Sehemu kubwa ilikuwa nje ya Marekani, na kuirudisha kungevuta kodi ya hadi asilimia 35. Kukopa kulikuwa nafuu. Kwa hiyo ukifungua taarifa za fedha usiishie kwenye jumla. Shuka hadi kwenye maelezo ya chini, uone fedha ziko nchi gani, zinaiva lini, na kampuni yenyewe inadaiwa kiasi gani.