Urithikaji ni nini, na kwa nini si "nusu ya akili ya mtoto"

"Akili ni ya kurithi kwa asilimia 50, wanasayansi wameshathibitisha." Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, sentensi hii huzagaa Mwanza nzima: kwenye daladala za Buhongwa, kwenye magrupu ya wazazi, hata kwenye vikao vya shule. Mwenye kuisema huwa ana maana kwamba nusu ya kichwa cha mtoto imeshaamuliwa tumboni, na walimu wanahangaika na nusu iliyobaki. Kisha hutoa hukumu: ndiyo maana shule ya kata imejaa divisheni ziro, na ile ya kulipia jirani yake imejaa divisheni wani. Asilimia yenyewe si ya uongo. Tatizo ni kwamba imeambiwa ijibu swali ambalo haikuulizwa.

Kipimo kinachozungumziwa kinaitwa urithikaji. Chukua kundi la watu, pima sifa moja, tuseme urefu au alama za kipimo cha akili. Watatofautiana. Urithikaji ni sehemu ya tofauti hizo inayoendana na tofauti za jeni zao, katika kundi hilo na katika mazingira wanayoishi. Huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Basi, maana ni hiyo.

Angalia kwamba hakuna mahali maana hiyo inapomgusa mtu mmoja. Katika nchi zenye shibe, urithikaji wa urefu hukadiriwa kuwa karibu 0.8. Kijana mwenye sentimita 170 hawezi kuambiwa kwamba 136 amepewa na jeni na 34 zimetokana na ugali. Bila jeni hana hata sentimita moja, na bila ugali vilevile. Namba ile ni ya tofauti kati ya mtu na mtu. Ukimbakiza mmoja, tofauti haipo, na namba haina kazi.

Wanaobisha huwa nawapa mfano wa vidole. Kuwa na vidole vitano kila mkono ni kazi ya jeni kuliko karibu kitu chochote unachoweza kukitaja. Lakini pita kwenye karakana za mbao na za injini za mitumbwi, uhesabu vidole vya mafundi watu wazima. Wachache sana walizaliwa na sita. Wengine wote wenye hesabu tofauti na kumi, vilivyopungua vilibaki kwenye msumeno au kwenye mkanda wa mashine. Tofauti karibu yote ni ya ajali, kwa hiyo urithikaji wa idadi ya vidole uko karibu na sifuri. Jambo la jeni kabisa, lenye urithikaji karibu na sifuri! Aliyelielewa hilo amekwisha kuelewa nusu ya mjadala.

Kipimo hiki kimetoka wapi? Kwa sehemu kubwa kimetoka zizini. Mwaka 1918 Ronald Fisher, Mwingereza wa takwimu, alionyesha jinsi ya kuzigawa tofauti za sifa kati ya jeni na mambo mengine. Baadaye Jay Lush, aliyekuwa akifundisha ufugaji kule Iowa, Marekani, aliiweka hesabu hiyo mikononi mwa wafugaji. Swali la mfugaji lilikuwa la pesa: nikizalisha kutoka kwa ng'ombe wangu wanaotoa maziwa mengi tu, ndama wao watazidi kwa kiasi gani? Urithikaji ukiwa mkubwa, kuchagua kunalipa. Ukiwa mdogo, boresha malisho kwanza.

Sisi wa ziwani hatuhitaji kwenda Iowa kuliona hilo. Kuanzia 1988, huko Ufilipino, wataalamu walikusanya sato wa mwituni kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawachanganya na sato wa kufugwa wa kule kule, kisha kizazi baada ya kizazi wakawa wanabakiza wanaokua haraka. Wakapata mbegu inayofugwa leo katika nchi nyingi. Hapo kipimo kiko nyumbani kwao, kwa sababu mfugaji ndiye mwenye bwawa: maji yale yale, chakula kile kile, saa zile zile. Akisha kuzisawazisha hali za samaki wake, tofauti inayobaki inamwambia kitu kuhusu mbegu.

Sasa tuseme una vizimba viwili hapa Ilemela, na vifaranga umevitoa kwenye tangi moja, ukagawa bila kuchagua. Kizimba cha kwanza unakilisha chakula kinachoelea, kwa ratiba. Cha pili unakitupia pumba siku ukikumbuka. Miezi ikipita unavua. Ndani ya kila kizimba wako wakubwa na wadogo, na kwa kuwa wa kizimba kimoja wamekula sawasawa, tofauti zao nyingi zinaweza kuwa za jeni. Urithikaji ndani ya kila kizimba uko juu. Lakini tofauti kati ya kizimba na kizimba, ile inayomfanya mteja achague wa kwanza bila kupima, imetoka kwenye gunia la chakula. Haina jeni hata moja ndani yake.

Hoja hiyo si yangu. Richard Lewontin, mwanasayansi wa jeni wa Marekani, aliitoa mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu za mimea, akimjibu mwanasaikolojia Arthur Jensen, ambaye mwaka 1969 alikuwa ameandika makala iliyoanzia kwenye urithikaji mkubwa ndani ya makundi, ikadokeza kwamba pengo la alama kati ya Wamarekani weusi na weupe nalo huenda kwa sehemu ni la jeni. Zaidi ya nusu karne imepita na kosa lile lile linapanda daladala nasi. Namba iliyopimwa ndani ya kundi haiwezi, peke yake, kueleza pengo kati ya kundi na kundi. Shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa hisabati na shule ya bweni yenye maabara ni vizimba viwili. Vivyo hivyo yale maneno ya vijiweni kwamba Wahaya na Wachaga wamezaliwa na akili kuliko sisi Wasukuma: Kagera na Kilimanjaro zilipata shule za misheni mapema, na kahawa ya kulipia ada. Babu aliyesoma alizaa baba mwenye vitabu, na vitabu hurithiwa pia, ila haviko kwenye damu.

Hata hilo la damu lina utata wake. Mwaka 2018 watafiti wa Iceland walichungulia jeni za wazazi ambazo mtoto hakupewa kabisa, wakakuta bado zinaendana na kiasi cha elimu atakachofikia. Jeni zile zilipitia kwa mzazi: namna alivyo, nyumba aliyoijenga, mazungumzo ya mezani. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoonekana kuwa urithi wa kichwa ni urithi wa nyumba.

Namba yenyewe nayo haitulii. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake walichunguza mapacha wa miaka 7 wa Marekani. Kwenye familia zenye uwezo, tofauti za alama ziliendana sana na jeni. Kwenye familia maskini, jeni zilieleza karibu sifuri, na nyumba ndiyo iliyotawala. Tafiti za baadaye za Ulaya Magharibi na Australia hazikuukuta mwelekeo huo, jambo ambalo kwangu linaongeza uzito: nchi ikibadilika, namba inabadilika. Nani basi aliyeichukua ya kwao na kuileta Igombe, ambako mtoto anaogelea ziwani, anapata kichocho, kinampunguza damu, kisha anakwenda kufanya mtihani wa taifa?

Kuna na kosa lingine, la kudhani kinachorithiwa hakibadiliki. Kanda yetu inaijua selimundu vizuri kuliko kanda nyingi. Ule ni ugonjwa wa jeni moja, kutoka kwa baba na mama, hauna mjadala. Lakini mtoto aliyegunduliwa mapema, akapewa penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiurea, na mtoto asiyegunduliwa, maisha yao hayafanani kabisa. Na upande wa akili, mtafiti James Flynn alionyesha kwamba alama za vipimo zilipanda kama pointi 3 kila miaka 10 katika nchi kadhaa karne iliyopita. Jeni za taifa zima hazigeuki kwa kasi hiyo.

Nisieleweke vibaya. Wale wanaojibu kwamba jeni hazina kazi yoyote, kila kitu ni malezi, nao wananichosha. Mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali hukaribiana kwenye vipimo hivi kuliko unavyotegemea. Utafiti wa mwaka 2022 uliochukua watu milioni 3 ulitengeneza alama ya jeni, yaani hesabu inayojumlisha athari ndogo ndogo za jeni nyingi, inayoeleza kati ya asilimia 12 na 16 ya tofauti za miaka ya shule kwa watu wenye asili ya Ulaya. Si kidogo. Ila alama hiyo hupungua nguvu ukilinganisha ndugu wa tumbo moja, na kwa watu wenye asili ya Afrika hushuka mno, kwa hiyo atakayekuuzia kipimo cha mate cha kutabiri mwanao atafika wapi, mwombe kwanza akuonyeshe kilijaribiwa kwa nani.

Anayetaka kuendelea kuitumia ile asilimia 50 hakatazwi. Aiseme tu kwa ukamilifu wake: katika makundi yaliyochunguzwa, mengi yakiwa ya Ulaya na Marekani, karibu nusu ya tofauti za alama kati ya mtu na mtu imeendana na tofauti za jeni zao. Ni sentensi ndefu, na kuhusu shule mbili zinazopakana haisemi kitu. Hilo la shule, aanze kwa kuhesabu walimu wa hisabati.