Alipigwa miaka mingi, akafungwa yeye: bado korti inaweza kusikia

Ukikaa na mama aliyefungwa kwa kumuua mumewe, muulize kwanza kama korti iliwahi kusikia vile alikuwa anapigwa. Mara nyingi utaambiwa hapana, aliona aibu, wakwe walikuwa wamejaa kortini, na wakili aliyepewa na serikali walionana tu asubuhi ya kesi. Jaji akajua kuna maiti na kuna kisu, basi.

Sheria nayo hapa Kenya imekaa vibaya. Utetezi wa kuchokozwa, ule unaoshusha mauaji ikawa kuua bila kukusudia, unataka hasira ya ghafla, na mtu aliyevumilia kipigo miaka tisa halafu siku moja akarudisha mkono haingii hapo vizuri, anaulizwa mbona hukuondoka. Aende wapi na watoto watatu?

Lakini skizeni hii, wengi hawaijui. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mauaji ni kinyume cha Katiba, na kwa yale mambo ya kupimwa wakati wa kutoa adhabu majaji wakaandika wazi kabisa: kosa lililotendwa kwa sababu ya dhuluma za kijinsia. Imeandikwa! Julai 2021 wakafafanua kwamba uamuzi huo ni wa kesi za mauaji pekee, kwa hivyo aliyepewa kifo kwa lazima anaweza kuomba Mahakama Kuu imwangalie adhabu upya. Hatia haifutwi, niwe mkweli, ni adhabu ndio inaweza kupungua.

Kama rufaa ilikataliwa au muda uliisha, kifungu cha 50(6) cha Katiba kinaruhusu kuomba kesi mpya ukiwa na ushahidi mpya wenye uzito. Hiyo ni ngumu zaidi.

Familia, hapa ndio sisi tunaofuatilia kesi hizi tunawahitaji. Namba ya OB (ile ya kitabu cha ripoti cha polisi), fomu ya P3 (ile ya polisi ya kuonyesha majeraha), kadi ya hospitali, barua ya chifu, meseji za vitisho, jirani aliyekuwa anasikia mayowe. Tafadhali msichome makaratasi yake mkihama.

Pesa isiwazuie kuuliza, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kuna FIDA, shirika la mawakili wanawake, na mkuu wa gereza anatakiwa kumweleza mfungwa kwamba msaada upo. Mkienda kumuona mwambieni aombe, na mtuletee namba ya kesi, bila hiyo kutafuta faili ni balaa.