Koti ya juu ya laminati ni nini?

Tabora ni mkoa wa mninga, lakini ukiingia duka la fanicha mjini siku hizi, makabati mengi yenye sura ya mninga hayana mninga hata chembe. Ndani ni MDF au chipubodi, yaani mbao za nyuzi au vipande vya mti vilivyobanwa kwa gundi, na ile mistari ya mti ni picha iliyochapwa kwenye karatasi. Kinachoikinga picha hiyo, yaani koti ya juu, ndicho unacholipia.

Laminati ya kweli, ile ambayo mafundi bado huiita fomaika, ni karatasi za kaki zilizolowekwa gundi ya fenoli, na juu yake karatasi ya picha iliyolowekwa melamini, gundi ya plastiki ngumu. Hubanwa pamoja kwenye mashine kwa joto linalozidi nyuzi 120. Melamini huyeyuka, huenea, kisha huganda, na ikishaganda haiyeyuki tena. Ndiyo maana chai iliyomwagika unaifuta tu. Meza zinazosuguliwa sana huongezewa karatasi nyembamba yenye chembe za oksidi ya alumini, madini yaleyale yanayotengenezewa msasa. (Kampuni ya Formica yenyewe, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1913, ilianza na vihami vya umeme, si meza.)

Sasa vanishi. Kwenye mninga huzama katika vinyweleo vya mti ikashika. Kwenye melamini haina pa kushika. Baada ya muda inabanduka vipande vipande. Fundi anayetaka kukupigia vanishi juu ya melamini "ili ing'ae" anajitafutia kazi tu.

Fanicha za bei ya chini mara nyingi huwa na karatasi ya picha iliyopakwa koti nyembamba tu ya plastiki, nayo huchujuka penye mkono wa mlango, au plastiki ya PVC iliyobandikwa kwa gundi, ambayo huachia karibu na jiko. Kuitambua PVC, tazama ukingo wa mlango: plastiki huzunguka kona bila kiungio, ilhali ubao wa melamini (MDF au chipubodi iliyobanwa karatasi ya melamini) hukatwa mraba na ukingo wake hubandikwa utepe.

Na hapo ukingoni ndipo koti zote hushindwa. Juu pawe pagumu vipi, maji yakipita kwenye mkato MDF inavimba na hairudi. Tundu la sinki ndilo baya zaidi, kwa sababu fundi hulikata nyumbani kwako na kuliacha wazi. Hapo ndipo vanishi ina kazi: mwambie apake mkato mzima, auache ukauke, ndipo apachike sinki kwa silikoni.