Je, Wajua Ni Nani Hutunga Mtaala wa Lugha wa Chuo Kikuu?

Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi pale Kayole hufuata mtaala uliotungwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, yaani KICD, yenye makao yake karibu na Barabara ya Murang'a. Wengi hudhani mhadhiri naye hupokea wake kutoka huko huko. La hasha. Kazi ya KICD ni mitaala ya ngazi zote zilizo chini ya chuo kikuu. Ukishavuka hapo, anayetunga ni mhadhiri mwenyewe pamoja na wenzake wa idara. Rasimu yao hupelekwa kitivoni, kisha kwenye seneti ya chuo, halafu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, huikagua programu nzima kabla ya kuiidhinisha.

Huo ni uhuru mkubwa, na wapo waliowahi kuutumia vilivyo. Mnamo Oktoba 1968, wahadhiri na watafiti watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa ya kimtaala hasa: kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu, na ya Afrika iwe nyongeza? Hatimaye ikapatikana Idara ya Fasihi iliyoweka maandishi ya Afrika katikati na kuipa fasihi simulizi nafasi yake. Hawakungoja agizo la wizara.

Ila uhuru huu una mtego. Wahadhiri wengi wa lugha wamebobea katika isimu au fasihi. Wanaweza kuichambua sentensi hadi mofimu ya mwisho, yaani kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana, lakini hawakusomea utungaji wa mitaala. Kwa hiyo, mtu anapoambiwa aandike uniti mpya, yaani somo moja la muhula, aghalabu huchukua alichofundishwa yeye akakipanga kwa wiki: wiki ya kwanza fasili, ya pili historia, ya tatu nadharia. Hiyo ni orodha ya mada tu.

Ralph Tyler, msomi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza mwaka 1949 kwamba mtunga mtaala ana maswali manne ya kujibu: tunalenga nini, mwanafunzi apitie shughuli zipi ili afike huko, shughuli hizo zipangwe vipi, na tutajuaje kama amefika. Orodha ya mada haijibu hata moja.

Chukua uniti ya tafsiri, saa tatu kwa wiki kwa wiki 14, jumla saa 42. Rasimu ya kawaida husema, "Mwanafunzi ataelewa nadharia za tafsiri." Sasa kuelewa huko kutaonekanaje? Kwa insha ya "Jadili", basi. Iandike upya: "Mwanafunzi ataweza kutafsiri ilani ya serikali ya kaunti kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na kutetea chaguo lake la maneno." Sentensi moja imebadilika, na uniti nzima inalazimika kuhama. Nadharia hazitoki, ila sasa zinaitwa pale mwanafunzi anapokwama. Saa nyingi zinakuwa za kutafsiri na kusahihishana. Mtihani wa saa mbili hautoshi tena; panahitajika jalada, yaani mkusanyo wa kazi za mwanafunzi za muhula mzima.

Lakini kwa nini ilani ya kaunti? Kwa sababu lengo halibuniwi ofisini. Lazima mtu atoke akaulize wahitimu wanafanya nini na waajiri wanalalamikia nini. Nairobi haikosi pa kuuliza: Bunge, mahakama, vituo vya redio, wachapishaji, ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Tena Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Uharaka unaonekana zaidi katika shahada ya ualimu. Kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi (CBC) linatarajiwa vyuoni mwaka 2029, likiwa limezoea miradi, majadiliano na mawasilisho. Wakati huo huo, mwanachuo wa ualimu anayesoma Kiswahili leo atapelekwa kufundisha wadogo wa kundi hilo hilo. Ikiwa miaka yake minne ni ya kunakili maelezo na kuyarudisha kwenye karatasi ya mtihani, atajifunzia wapi kuongoza mjadala wa wanafunzi 50 kwa dakika 40? Ningekuwa na usemi katika idara, ningeanza na uniti ya mbinu za kufundisha Kiswahili: nusu ya saa zake ziwe za mwanachuo kufundisha mbele ya wenzake, na alama zitolewe kwa alivyofundisha.