Gredi ya pikapu ni nini, na "ful opsheni" maana yake nini

Ingia yadi yoyote ya magari Mombasa, iwe Nyali au kisiwani, uliza habari ya pikapu ya dabo kebini, yaani yenye safu mbili za viti, na neno la kwanza utakaloambiwa ni "hii ni ful opsheni". Bei hufuata baadaye. Watu hulipa laki kadhaa zaidi kwa ajili ya neno hilo, lakini muuzaji akiombwa alifafanue, hutaja rimu za aloi, viti vya ngozi na skrini ya redio, kisha hunyamaza.

Kiwanda hakitengenezi pikapu ya namna moja. Hutengeneza chasisi, kisha juu ya chasisi hiyo hupanga magari kwa ngazi, kuanzia la kazi tupu hadi la kutembelea harusini. Kila ngazi ni fungu la vifaa lililokwisha kufungwa. Ukitaka kiti cha umeme kilichomo ngazi ya tatu, hukichomoi peke yake. Unalipia ngazi ya tatu yote. Fungu hilo ndilo gredi. Opsheni ni kitu kimoja kimoja ambacho mnunuzi wa gari jipya huongeza juu ya gredi aliyoichagua, akakilipia mbali. Opsheni kadhaa zinazotegemeana zikiuzwa pamoja huitwa pakiti. Kwa hiyo, kwa haki ya neno, ful opsheni ni gari ambalo mwenyewe wa kwanza aliagiza kila kitu kilichokuwamo kwenye orodha ya kiwanda. Magari ya hivyo ni machache. Kinachokusudiwa yadini mara nyingi ni gredi ya juu tu, na mara nyingine ni gredi ya kati iliyovishwa mapambo ikapendeza.

Kebini si gredi. Singo, yenye safu moja ya viti, na dabo ni maumbo ya bodi. Injini nayo si gredi, wala kuvuta kwa tairi nne. Mambo haya huandamana, kwa kuwa viwanda hupenda kuipa gredi ya juu dabo kebini, injini kubwa na gia za otomatiki, lakini kila moja lina swali lake na lina bei yake.

Majina ndiyo yanayotuchanganya zaidi, maana bandari yetu ya Kilindini hupokea magari kutoka nchi mbalimbali zinazotumia usukani wa kulia. Chukua Hilux, pikapu ya Toyota. Ya Afrika Kusini unaweza kuikuta imeandikwa Raider au Legend. Ya Australia ni WorkMate, SR au SR5. Ya Uingereza ni Active, Icon au Invincible. Ya Japani ni X au Z. Hakuna kanuni inayosema jina la nchi hii lina vifaa sawa na jina la nchi ile; kila soko lilifungiwa fungu lake. Na ukiambiwa Hilux ya mwaka 2012 "ilikuwa ya Mjapani, imetoka Japani", jua kwamba Toyota iliacha kuiuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikairudisha Septemba 2017. Gari hilo lina asili nyingine, na asili ndiyo inayoamua gredi yake isomwe kwa orodha ipi.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi wa gari lililotumika hulisahau. Sheria ya Kenya huruhusu gari liingizwe likiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo wengi wetu tunanunua gari ambalo mtu mwingine, wa nchi nyingine, alilichagulia vifaa kwa haja zake. Pengine hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko mikoba ya dukani. Sisi tunarithi chaguo lake.

Mfano ulio wazi kuliko yote nimeupata Marekani. Mwaka 2021 Ford ilitoa pikapu ndogo iitwayo Maverick, kwa gredi tatu: XL, XLT na Lariat. XL ilikuwa na rimu za chuma na vitu vichache ndani. Katika hali ya kawaida gari hilo lilivuta trela la pauni 2,000, yaani kama kilo 900. Lakini palikuwa na pakiti ya kuvuta iliyopandisha uwezo huo hadi pauni 4,000, kama kilo 1,800. Pakiti hiyo haikufungwa na gredi. Mwenye XL aliweza kuiagiza, mradi achukue injini ya turbo ya lita 2.0 na tairi nne za kuvuta. Basi Lariat ya viti vya kifahari isiyo na pakiti ilivuta nusu ya XL yenye pakiti.

Na ndani ya pakiti mlikuwa na nini? Rejeta kubwa zaidi, feni yenye nguvu, kipozea oili ya gia, uwiano mwingine wa difu (gia za ekseli), na kulabu ya kufungia trela. Kulabu ndiyo inayoonekana, ndiyo maana watu hudhani ndiyo yote. Tuna mafundi hodari wa kuchomea, watakutilia kulabu imara kwa siku moja, lakini hawatakutilia kipozea oili. Ukifunga trela la boti Mtwapa ukapanda nalo mlima mchana wa Februari, gia zitachemka na kulabu itabaki nzima.

Gredi ya juu inaweza hata kupunguza kazi. Ford Ranger Raptor, iliyo ghali kuliko ndugu zake, nyuma ina koili badala ya springi za mabapa, ili iruke matuta kwa ulaini. Huvuta tani 2.5, ilhali Ranger nyingi za gredi za chini yake huvuta tani 3.5. Si kasoro. Imeundwa kwa kukimbia, na anayeinunua kwa mizigo amenunua kisichokuwa chake.

Hesabu ya mzigo ni nyepesi na ningependa kila mnunuzi aifanye kabla hajatoa pesa. Chukua uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa na kiwanda, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ni cha watu na mizigo pamoja. Tuseme uzito wa juu ni kilo 3,000 na gari tupu ni kilo 2,050. Zimebaki 950. Watie watu watano wa kilo 70, zimebaki 600. Sasa ongeza bampa la chuma na paa la nyuma, tuseme kilo 140. Zimebaki 460, ambazo ni mitungi 23 ya maji ya lita 20. Gredi ya chini ya gari hilo hilo, isiyo na mazagazaga, huanza hesabu ikiwa nyepesi. Zile herufi T.W. zinazopakwa ubavuni mwa pikapu zetu ndizo uzito wa gari tupu, zisome.

Ami yangu huchukua samaki Shimoni kuleta mjini. Alinunua dabo kebini ya gredi ya juu, na sehemu ya mzigo ya dabo ni kama mita moja na nusu, wakati ya singo hupita mita mbili. Makasha ya barafu hayakuenea. Nilimwuliza, "Ami, mbona hukuchukua singo?" Akaniambia, "Mwanangu, nilikaa kwenye kile kiti, nikawa nimeshanunua." Sasa huenda safari mbili, na kivuko cha Likoni akakipanda mara mbili.

Sisemi gredi ya chini ndiyo bora daima. Kwa joto letu, pikapu isiyo na kiyoyozi ni adhabu. Kromu nyingi nazo hazitufai, chumvi ya bahari huzila upesi. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: lipia kiwandani kile ambacho fundi hawezi kukiongeza kirahisi baadaye. Mifuko ya hewa, breki za ABS zisizokwamisha tairi, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, difu loki inayofunga tairi za ekseli moja zizunguke pamoja, injini, ekseli. Rimu, redio, vitambaa vya viti, taa za ziada na zulia la plastiki la nyuma utavipata mjini kwa bei yako, siku yako. Na kama gari ulipendalo lina mifuko miwili ya hewa na jirani yake lina saba, tofauti hiyo ni kubwa kuliko skrini ya ukubwa wowote.

Maandishi ya nyuma ya gari hubandikwa na hubanduliwa. Beji za kila gredi huuzwa madukani. Bamba la kiwanda ndilo la kutegemea, nalo hukaa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Hilux iliyotoka mwaka 2015 kuendelea, tafuta mstari wa modeli. GUN125 ni injini ya dizeli ya lita 2.4 yenye tairi nne za kuvuta. GUN126 ni ya lita 2.8, tairi nne. GUN122 ni ya lita 2.4, tairi mbili. Herufi zinazofuata baada ya kistari hueleza kebini, gia na gredi, na mstari wa A/TM hueleza ekseli na gia. Zipige picha, ukazilinganishe na orodha ya nchi gari lilikotoka kabla ya kurudi yadini. Ukikuta GUN122 kwenye gari lenye stika ya 4x4 ubavuni, mazungumzo ya bei yanaanza upya.